Sarufi Ni Sahihi Lakini Rasimu Imerudishwa: Utatuzi wa Matatizo ya Metadiskosi katika Kiingereza cha Kitaaluma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, mhadhiri anayeandaa makala yake ya kwanza, na mhariri anayewasaidia wote wawili, hasa pale rasimu ya Kiingereza inaporudi ikiwa na maoni ambayo hayataji kosa lolote la sarufi. Msimamizi ameandika pembeni kwamba hoja haitiririki, au dai limezidi ushahidi, au sauti ya mwandishi haisikiki, au sura nzima inasomeka kama hotuba. Maoni ya namna hiyo huumiza kwa sababu hayamwambii mtu ashike wapi ili arekebishe. Mara nyingi chanzo chake kimo katika metadiskosi, na chanzo hicho kinaweza kutafutwa kwa utaratibu, dalili baada ya dalili.

Metadiskosi ni ile sehemu ya maandishi ambayo haiongezi habari juu ya mada yenyewe, ila humwongoza msomaji ndani ya matini na kumwonyesha mwandishi amesimama wapi. Istilahi hiyo ilianzishwa na Zellig Harris mwaka 1959, na mgawanyo unaotumiwa zaidi siku hizi ni ule ambao Ken Hyland aliukamilisha katika kitabu chake cha mwaka 2005. Upande mmoja kuna metadiskosi ya kuongoza: viunganishi, maneno ya kutangaza mpangilio, marejeo ya ndani ya matini kama “tazama Jedwali la 2”, utajaji wa vyanzo, na vifafanuzi vya aina ya “yaani”. Upande wa pili kuna metadiskosi ya kuhusisha: maneno ya tahadhari, maneno ya kukazia, viashiria vya mtazamo, mwandishi kujitaja, na namna za kumshirikisha msomaji.

Wasiokulia katika Kiingereza wamezoea kuambiwa kwamba wanatumia viashiria hivi vingi mno au vichache mno kuliko wazawa, kana kwamba tiba ni kuongeza au kupunguza hesabu. Tafiti haziungi mkono ushauri huo. Sylviane Granger na Stephanie Tyson, waliochunguza insha za wanafunzi wa Ubelgiji wanaozungumza Kifaransa mwaka 1996, hawakukuta ziada ya jumla ya viunganishi. Walikuta kwamba baadhi ya viunganishi, kama “moreover”, “indeed” na “on the contrary”, vilitumiwa kupita kiasi, huku vingine, kama “however”, “though” na “therefore”, vikitumiwa pungufu. Kwa hiyo, katika kila dalili iliyo hapa chini, swali la kwanza ni kiashiria kipi kimewekwa mahali gani na kinabeba dai gani. Swali la idadi huja mwisho, na mara nyingi halihitajiki.

Dalili: kila sentensi ina kiunganishi, lakini hoja haiendi

Hii ndiyo dalili inayoonekana kwa wingi, na ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu mwandishi akiambiwa hoja zake hazishikamani, hatua yake ya kwanza huwa ni kuongeza viunganishi. Ukurasa unajaa “moreover”, “furthermore”, “in addition” na “besides”, vyote vikiwa mwanzoni mwa sentensi, vikifuatwa na mkato. Yvette Field na Yip Lee Mee Oi walieleza hali hiyohiyo mwaka 1992 walipolinganisha wanafunzi wa sekondari wa Hong Kong na wa Australia: waandishi wa Hong Kong walitumia viunganishi vingi zaidi, na walivibana mwanzoni mwa sentensi kuliko wenzao.

Chanzo cha kwanza ni jinsi viunganishi vinavyofundishwa. Katika madarasa mengi ya Kiingereza, yakiwemo ya sekondari za kwetu, mwanafunzi hupewa orodha iliyopangwa kwa makundi: ya kuongeza, ya kupinga, ya kuonyesha matokeo. Orodha hiyo humfanya aamini kwamba maneno yaliyo katika kundi moja yanaweza kubadilishana nafasi, na kwamba kila sentensi inastahili kupewa moja. Hakuna mahali panapoelezwa kwamba “besides” huongeza hoja kwa namna ya kusema “na hata kama hiyo ya kwanza usingeikubali”, wala kwamba “moreover” hudai kuwa hoja inayofuata ina uzito kuliko iliyotangulia.

Chanzo cha pili kimejificha zaidi: kiunganishi kimewekwa mahali ambapo uhusiano wa hoja haujafikiriwa. Tuchukue aya ya kubuni juu ya korosho. Mwandishi anasema kwamba bei ya korosho ilishuka. “Moreover”, wakulima wengi hawakupulizia salfa mikorosho yao. “Furthermore”, mavuno ya msimu uliofuata yalipungua. “Therefore”, vyama vya ushirika vinahitaji mtaji. Kipimo ni kufuta viunganishi vyote vitatu kisha kuisoma aya upya. Sentensi tatu za kwanza zinabaki zikisomeka, na hapo ndipo kosa linapoonekana: uhusiano wake ni wa sababu na tokeo, wala si wa kuongeza. Bei iliposhuka, wakulima walikosa fedha za salfa, mikorosho isiyopuliziwa ikashambuliwa na ugonjwa wa ubwiriunga, mavuno yakapungua. “Moreover” na “furthermore” vilikuwa vikiuficha mnyororo huo. Sentensi ya nne, kwa upande wake, inaachwa ikining’inia, kwa kuwa hakuna lolote lililosemwa juu ya vyama vya ushirika hapo awali. “Therefore” ilikuwa imefunika hatua nzima ya hoja ambayo haijaandikwa.

Marekebisho basi hufanywa katika maudhui kabla ya maneno. Andika hatua iliyokosekana. Halafu, badala ya kiunganishi, tumia nomino inayobeba kilichotangulia: “this fall in price” mwanzoni mwa sentensi ya pili hufunga aya kwa nguvu kuliko kiunganishi chochote, kwa sababu hutaja uhusiano na kuusogeza mbele kwa wakati mmoja. Waandishi wazoefu wa Kiingereza hutegemea sana nomino za aina hii, na hiyo ni sababu moja inayofanya kurasa zao zionekane hazina viunganishi ilhali zimeshikamana. Viunganishi vitakavyobaki viwekwe pale tu msomaji angeweza kukosea mwelekeo, hasa panapo pingamizi. “However” inakubalika kabisa baada ya kiima cha sentensi, na ikikaa hapo huelekeza mkazo kwenye kile hasa kinachopingwa.

Kuna kosa dogo linaloambatana na dalili hii, nalo ni kutumia “on the contrary” mahali pa “on the other hand”. Ya kwanza hukanusha kilichosemwa punde. Ya pili huweka upande wa pili kando ya ule wa kwanza bila kuukanusha. Mwandishi akisema shule za mjini zina maabara, kisha akaandika “on the contrary” kabla ya kusema shule za vijijini hazina, amejikanusha mwenyewe bila kukusudia. Itafute kwenye rasimu nzima kwa kompyuta, na kila ilipo uangalie kama kuna dai linalokanushwa. Kama halipo, iondoe.

Dalili: mtahini anasema dai limezidi ushahidi

Rasimu yenye dalili hii ina “this proves that”, “it is obvious that”, “clearly”, “of course”, “always” na “all”. Ken Hyland na John Milton, walipochunguza mwaka 1997 maandiko ya mitihani ya wanafunzi wa Hong Kong na ya wenzao wa Uingereza, walikuta wanafunzi wa Hong Kong wakitegemea vifaa vichache vya kuonyesha kiwango cha uhakika na wakitoa madai yenye nguvu zaidi. Eli Hinkel, katika utafiti wa mwaka 2005, alikuta jambo la jirani: waandishi wasio wazawa walikuwa na maneno machache ya tahadhari, mengi yake yakiwa ya mazungumzo, pamoja na maneno mengi ya kutia chumvi.

Hapa watu wengi hukimbilia utamaduni kama maelezo, na nadhani hukimbilia mapema mno. Mwaka 1993 Avon Crismore, Raija Markkanen na Margaret Steffensen walilinganisha wanafunzi wa Marekani na wa Finland wakiandika insha za kushawishi, na Wafini ndio waliotumia tahadhari zaidi. Kwa hiyo hakuna kanuni kwamba asiye mzawa hudai kwa nguvu. Wala mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kusema kwamba lugha yake haikumfundisha tahadhari, maana ana “huenda”, “yamkini”, “pengine” na “yaelekea”, ana -nge- na -ngali-, na anavitumia kwa ustadi kila siku bila kufundishwa na mtu. Anachokosa ni uzoefu wa kujua ni sentensi ipi ya Kiingereza cha kitaaluma inayodai tahadhari, na akiba ya maumbo ya kuieleza zaidi ya “may” na “I think”.

Uchunguzi ufanyike hivi. Chukua sura ya matokeo na ya mjadala, upige mstari chini ya kila sentensi yenye dai, kisha uulize dai hilo ni la daraja gani. Kama ni jambo ulilolipima au kulishuhudia, tahadhari haihitajiki: wanafunzi 31 kati ya 40 walifaulu, basi walifaulu. Kama ni maelezo ya sababu ya jambo hilo, tahadhari inahitajika, kwa kuwa sababu hukuishuhudia. Hapo “suggest”, “may reflect”, “appears to” na “one possible explanation” vina kazi. Kama ni kauli ya jumla inayovuka mipaka ya data, tahadhari peke yake haitoshi, na mipaka yenyewe lazima itajwe: “in the two schools studied”, “during the period of observation”. Rasimu nyingi zenye dalili hii hukosea katika daraja hili la tatu. Mwandishi ameongeza “may” lakini bado anazungumzia walimu wa nchi nzima kwa ushahidi wa kata moja, na mtahini anaendelea kulalamika kwa haki kabisa.

Maneno ya kukazia nayo yasifutwe ovyo. Makala za wataalamu wazawa na wasio wazawa zina “clearly” na “demonstrate” kwa wingi wa kutosha. Tofauti ni kwamba huwekwa mahali ushahidi ulipo mnene, mara nyingi mara tu baada ya jedwali au nukuu ambayo msomaji ameiona kwa macho yake. “Clearly” iliyowekwa mahali ambapo hakuna ushahidi humwamsha mtahini na kumfanya atafute kilichofichwa.

Wapo wanaougua kinyume chake. Baada ya kukemewa kwa ukali, wanaandika kwamba “it may possibly be suggested that there could be some influence”, na dai linayeyuka lisibaki kitu cha kupinga wala kukubali. Tahadhari moja katika kishazi kimoja inatosha. Chagua iliyo karibu na mahali penye shaka na uziondoe nyingine: kama shaka iko katika ukubwa wa athari, tahadhari ikae kwenye ukubwa, na kuwepo kwa athari kusemwe bila kusitasita.

Dalili: sauti ya mwandishi haisikiki

Kila kitendo kimewekwa katika kauli ya kutendwa, au mwandishi anajiita “the researcher” kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa wengi wetu desturi hii inatoka moja kwa moja kwenye miongozo ya tasnifu na kwenye tasnifu za waliotutangulia, ambamo “mtafiti” huzungumzwa kama mtu wa tatu hata katika Kiswahili. Kwa hiyo dalili hii isichukuliwe haraka kuwa ni udhaifu wa lugha.

Tatizo halisi ni jingine. Mwaka 2002 Hyland alilinganisha ripoti za wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Hong Kong na makala za wataalamu waliobobea, akakuta kwamba wanafunzi walijitaja mara chache kuliko wataalamu, na kwamba walipojitaja walifanya hivyo katika mambo yasiyo na hatari, kama kueleza kusudi la utafiti au hatua walizozifuata. Palipohitaji ujasiri, yaani kutoa dai au kufasiri matokeo, walitoweka. Wataalamu walisimama mbele hasa pale ambapo wanafunzi walijificha.

Kwa hiyo usihesabu “I” na “we” katika rasimu yako. Angalia zimekaa kando ya vitenzi gani. Ukikuta “I collected”, “I interviewed” na “I administered” katika sura ya mbinu, lakini katika mjadala kila kitu ni “it is argued” na “it can be concluded”, umepata ugonjwa. Dawa ni kupunguza nafsi katika mbinu, ambako kila mtu anajua nani aliyehoji, na kuirudisha katika sentensi chache za hoja zilizo zako: pale unapochagua tafsiri moja kati ya mbili, unapotofautiana na mwandishi mwingine, unapoeleza mchango wa kazi. Sentensi tano za aina hiyo katika sura moja hubadilisha usomaji wake wote. Naamini hili ndilo rekebisho lenye faida kubwa kuliko yote katika mwongozo huu, kwa sababu humlazimisha mwandishi kutambua kama ana hoja yake au hana.

Dalili: sura inasomeka kama hotuba

Hapa mwandishi anaonekana kupita kiasi. Anauliza maswali na kuyajibu, anasema “let us now look at”, “as we all know”, “I would like to talk about”, “you can see that”. Annelie Ädel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, alikuta kwamba wanafunzi wa Sweden walio na Kiingereza kizuri sana walitumia metadiskosi ya nafsi kwa wingi kuliko wazawa wa Uingereza na Marekani. Gaëtanelle Gilquin na Magali Paquot, mwaka 2008, walionyesha hali hiyo kwa wanafunzi wa lugha mama mbalimbali: maandishi yao ya kitaaluma yalibeba alama za mazungumzo.

Mtu anaweza kushangaa kwamba dalili hii na ile iliyotangulia huweza kukaa katika tasnifu moja. Huwa zinakaa. Mwandishi hujitaja kwa uhuru anapotangaza anachotaka kusema, na hutoweka anapokisema. Chanzo ni rejesta, yaani mtindo wa lugha unaofaa mazingira fulani: Kiingereza chake amekisikia zaidi darasani, katika midahalo na katika mihadhara, na mambo yanayomsaidia msikilizaji asipotee hayamfai msomaji aliye na ukurasa mbele yake. “Now I am going to discuss” humsaidia aliyeketi ukumbini. Kwa msomaji, kichwa cha habari na sentensi kuu ya aya vimekwisha kufanya kazi hiyo.

Kipimo ni rahisi. Futa utangulizi wa sentensi hadi ufike kwenye habari yenyewe. Katika “I would like to point out that rainfall declined”, maneno saba yanaweza kuondoka bila msomaji kupoteza chochote. “As we all know” iondolewe pasipo mjadala, maana kama sote tunajua hakuna haja ya kusema, na kama hatujui panahitajika chanzo. Swali la balagha liachwe pale tu linapokuwa swali halisi la utafiti ambalo aya inakwenda kulijibu. Lakini “we” inayomhusisha msomaji katika hatua ya hoja, kama mwanahisabati anavyosema “we now obtain”, ni desturi halali ya taaluma hiyo na isiguswe.

Dalili: vyanzo vinasema, mwandishi hasemi

Sura ya mapitio ya maandiko ina aya kumi, na kila aya inaanza kwa “According to” na jina la mtu. Hakuna kosa katika sentensi hata moja, lakini msimamizi anaandika kwamba hii ni orodha. Chanzo ni kwamba utajaji wa vyanzo umegeuzwa kuwa uti wa aya, ilhali kazi yake ni kuitegemeza hoja. Panga aya upya kwa madai yako: dai litangulie, na majina yafuate mwishoni mwa sentensi ndani ya mabano. Jina libaki ndani ya sentensi pale tu mtu huyo mwenyewe anapojadiliwa.

Kisha vikaguliwe vitenzi. Waandishi wengi huvibadilisha kwa ajili ya kuepuka kurudiarudia, wakidhani “state”, “claim”, “point out” na “show” ni kitu kimoja, na huu ni mtego mbaya kwa kuwa kila kitenzi humweka mwandishi upande fulani. Ukiandika kwamba mtu fulani “points out” jambo, umekubali kwamba jambo hilo ni kweli. Ukiandika “claims”, msomaji anasubiri ulipinge. “Shows” na “demonstrates” husema ushahidi unatosha. “Argues” husema kuna hoja na wewe hujatoa hukumu. Mwandishi anayetumia “claims” kwa mwanazuoni anayemkubali, halafu “points out” kwa yule anayempinga ukurasa unaofuata, anamwacha mtahini asijue msimamo wake, na hapo maoni ya kwamba hana msimamo huandikwa ingawa msimamo anao.

Dalili: msomaji anapotea, au anachoshwa na matangazo

Mwaka 1993 Anna Mauranen alionyesha kwamba wanauchumi wa Finland walioandika Kiingereza walitumia lugha ya kuongoza msomaji kwa uchache kuliko Waingereza na Wamarekani, walioitumia kwa wingi kueleza walikotoka na wanakokwenda. Msomaji aliyezoea kuongozwa akikosa mwongozo hudhani hoja yenyewe haina mpango. Kama hiyo ndiyo dalili yako, ongeza sentensi moja mwanzoni mwa sura inayosema swali linalojibiwa humo, na nyingine mahali ambapo hoja inageuka. Marejeo ya ndani yatajwe kwa namba ya sehemu au jedwali, kwa sababu “as mentioned above” katika kazi ya kurasa mia mbili haimpeleki msomaji popote.

Tasnifu zetu, kwa jinsi ninavyoziona, huugua zaidi upande wa pili. Kila sura inatangaza itakachosema, inasema, kisha inafupisha ilichosema, na sura inayofuata inaanza kwa kufupisha iliyotangulia. Muhtasari wa mwisho wa sura uhukumiwe kwa swali moja: je, una kauli yoyote inayotokana na kuweka matokeo pamoja, ambayo haikuwezekana kusemwa mapema? Kama haina, ufutwe, labda uwe umeamriwa na mwongozo wa chuo.

Kupima rasimu kwa kompyuta

AntConc, programu ya bure iliyotengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda nchini Japani, hupokea rasimu iliyohifadhiwa kama matini tupu na kuonyesha kila mahali neno lilipotumika pamoja na maneno yaliyolizunguka. Tafuta “moreover”, “clearly”, “may” na “I”, usome mistari yote kwa pamoja. Kasoro ambayo haikuonekana katika usomaji wa kawaida hujitokeza mara moja neno lilelile linapopangwa safu ndefu.

Kwa ulinganisho, usijipime kwa makala ya profesa. Tafiti kadhaa zimelinganisha wanafunzi wasio wazawa na wataalamu wazawa, kisha zikaita tofauti hiyo tatizo la lugha ilhali sehemu yake ni tofauti ya uzoefu, na wanafunzi wazawa nao wako mbali na wataalamu hao. Kongoo (mkusanyo wa matini uliohifadhiwa kwa kompyuta) la MICUSP la Chuo Kikuu cha Michigan lina kazi zipatazo 830 zilizopata alama ya A, za wanafunzi wazawa na wasio wazawa kwa pamoja, na linafunguliwa mtandaoni bila malipo. Kongoo la BAWE la Uingereza lina kazi za wanafunzi zilizofaulu vizuri, zikiwa na jumla ya maneno yapatayo milioni 6.5. Chagua taaluma yako ndani yake, kwa sababu kemia na falsafa hazilingani: fani za sayansi ya jamii na za fasihi hutumia tahadhari na kujitaja kwa wingi kuliko sayansi asilia na uhandisi.

Kompyuta huhesabu maumbo, haijui kazi yake. “About” ya makadirio ni tahadhari, “about” ya kuhusu mada sivyo. “May” ya ruhusa katika nukuu ya sheria haihusiani na shaka ya mwandishi. Hesabu yoyote ambayo haijasomwa mstari kwa mstari isitumiwe kufanya uamuzi.

Iwapo maoni yanaendelea kuja baada ya marekebisho

Chunguza kwanza kama kilichorekebishwa ni kiashiria au hoja. Aya iliyofutiwa “moreover” bila kuandikwa hatua iliyokosekana itarudi tena na maoni yaleyale. Pili, chunguza kama unajaribu kuwaridhisha wasomaji wawili wenye desturi tofauti, kwa mfano jarida la nje linaloruhusu “I argue” na mwongozo wa idara unaokataza nafsi ya kwanza. Katika hali hiyo mpe kila mmoja umbo lake: “this study argues” katika tasnifu hufanya karibu kazi ileile, mradi dai libaki na mwenyewe. Tatu, mwombe msimamizi aonyeshe sentensi moja tu inayomsumbua na aandike angeisemaje yeye. Sentensi mbili hizo zikiwekwa sambamba, tofauti ya kiashiria itaonekana, na utajua urudi kwenye dalili ipi kati ya hizi.